Mishipa imezibuliwa, mbona mzee haongei?

Haya jamani, toleo lililopita nilijibu swali moja tu la presha, tena kwa mistari michache, basi sanduku limefurika barua za moyo mpaka mhariri ananiuliza kama nimefungua kliniki. Ila nilichokiona ni kwamba nusu ya barua hizi haziulizi moyo ule unaodunda, zinauliza ule mwingine, wa hasira na huzuni na hofu. Kwa Kiswahili neno ni hilohilo moja ndo maana tunachanganya, lakini nimekaa wodi ya moyo miaka mingi kabla sijastaafu na nawaambieni hata hospitali huwa wanachanganya, wao wanahangaika na huyo wa kudunda mpaka wanasahau kumuulizia mwenzake. Nakumbusha tu kwamba mimi ni nesi mstaafu, si daktari, sijawapima, kwahiyo dawa zenu msizibadilishe kwa sababu ya jarida.

*

Dada, habari za kazi. Mume wangu ana miaka 58, alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Mwaka jana alipata shambulio la moyo akiwa njiani, akapelekwa Dar wakamwekea stenti mbili, vile vibomba vya kuuacha mshipa wazi. Daktari anasema mishipa imezibuliwa vizuri na kipimo cha eko, ile picha ya moyo, ni kizuri. Lakini huyu niliyerudishiwa siyo mume wangu. Yule alikuwa mtu wa kelele, wa kijiwe cha kahawa, bao humuwezi. Huyu anakaa barazani toka asubuhi haongei, usiku halali, redio hataki, wajukuu wakicheza anawafukuza. Dawa anameza mpaka nimsimamie. Juzi kasema "mngeniacha tu kulekule njiani". Mawifi wanasema kajitakia mwenyewe kwa hasira zake za barabarani, mama mkwe anasema kuna mtu kamchezea. Naomba uniambie, tabia yake ndo ilileta ugonjwa au ugonjwa ndo umemharibu tabia? – Mama Wajukuu, Tanga

Nzuri dada, pole sana. Naanza na hilo neno la "mngeniacha tu kulekule" kwasababu mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi. Muulize leo, mkiwa wawili, bila kuzunguka, kama anawaza kufa au kujidhuru. Watu wanaogopa eti ukiuliza unampa wazo, hapana, humpi wazo, unampa pa kulitua. Akikujibu ndiyo, au akikwepa kwa namna usiyoielewa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake, na zile dawa zake kaa nazo wewe umpe za siku.

Sasa mawifi. Hiyo hadithi ya "mtu wa hasira hupata moyo" hawajaitunga wao, imetoka Marekani. Miaka ya 1950 kulikuwa na madaktari wawili wa moyo kule San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman. Friedman alikuwa anasimulia kwamba fundi wa makochi aliyekuja kutengeneza viti vya mapokezi ndo aliyeshangaa mbona vimechakaa pale mbele tu na kwenye mikono, yaani wagonjwa hawakai kama watu wengine, wanakaa ukingoni kama wanataka kuchomoka. Mwaka 1959 wakaandika habari za tabia waliyoiita Aina A, mtu wa papara, wa kushindana, saa zote anaona anacheleweshwa, na kuanzia 1960 wakafuatilia wanaume zaidi ya 3,000 kwa miaka nane na nusu, wakakuta wale wa papara wamepata ugonjwa wa moyo kama mara mbili ya wenzao. Dunia nzima ikashika hilo.

Ila mawifi hawajasoma ukurasa wa pili. Tafiti zilizofuata zikawa hazioni kitu, na mwaka 1988 walipoangalia wale wanaume wa mwanzo waliokwisha kuugua moyo, wale wa papara wakakutwa ndo wamekufa kidogo kuliko wapole! Na baadae ikajulikana kwamba makampuni ya sigara yalikuwa yanamwaga hela kwenye utafiti wa Aina A, kwasababu kwao ilikuwa raha sana watu wakiamini kinachoua ni papara na siyo moshi. Kwahiyo mimi nikisikia "kajitakia kwa hasira zake" huwa nauliza kwanza, alikuwa anavuta? Presha alipima lini? Sukari je? Dereva wa lori anakaa masaa 14 kwenye kiti, anakula chipsi na nyama choma usiku wa manane, analala masaa matatu, na sisi tunaacha yote hayo tunashika hasira. (Hasira ina sehemu yake, ntaisema kwenye barua inayofuata, ila siyo kama wanavyoisema wao.)

Sasa swali lako lenyewe, ugonjwa umemharibu tabia? Mimi nakwambia hiyo siyo tabia. Mtu hageuki tabia akiwa na miaka 58 ndani ya miezi michache. Hicho unachokieleza, kukosa usingizi, kukosa hamu ya vitu alivyokuwa anavipenda, kufukuza watoto, kutamani kufa, kinafanana sana na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na baada ya shambulio la moyo karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hupata sonona kamili, wengine wengi wanapata ile ya chinichini. Mwaka 1993 kule Montreal, Kanada, walifuatilia wagonjwa 222 waliotoka kwenye shambulio la moyo, ndani ya miezi sita tu wale wenye sonona walikuwa kwenye hatari ya kufa mara kadhaa kuliko wasio nayo, hata ukiweka pembeni moyo uliumia kiasi gani. Mwaka 2014 chama cha moyo cha Marekani kikasema rasmi kwamba sonona ihesabiwe kama kitu kinachozidisha hatari kwa mgonjwa aliyetoka kwenye shambulio. Sababu zipo nyingi zimefungamana, mwenye sonona anaacha dawa, hatembei, anarudia sigara, halali, halafu mwili wenyewe unabaki kwenye hali ya kujihami, mapigo juu, damu inaganda kirahisi.

Na kwanini hospitali hawakuliona? Kwasababu hawakuuliza na yeye hakusema. Mimi nimewaona madereva, wanajeshi, mabaharia, ukimuuliza "unajisikiaje mzee" anajibu "salama tu nesi" huku macho yake yapo kwingine kabisa. Kwahiyo kliniki inayofuata ingia naye, na kabla daktari hajafunga faili uliza wewe. Kuna maswali mawili tu ya kuanzia na hata wewe unaweza kumuuliza nyumbani, kwa wiki mbili zilizopita ni mara ngapi amekosa hamu au raha ya kufanya vitu, na ni mara ngapi amejisikia mnyonge, mwenye huzuni au amekata tamaa. Akisema siku nyingi, mwambie daktari neno kwa neno.

Kuhusu dawa, hapa nisikilize vizuri. Zipo dawa za sonona zilizojaribiwa kwa wagonjwa wa moyo hasa, setralini ilijaribiwa kwa watu 369 waliotoka kwenye shambulio au maumivu makali ya kifua, majibu yalitoka mwaka 2002, ikaonekana moyo hauiogopi. Lakini kuna ile ya zamani, amitriptilini, ambayo ndo rahisi kuipata kwenye maduka yetu na jirani atakwambia "mimi ilinisaidia kulala", hiyo kwa mtu aliyetoka kwenye shambulio inaweza kuvuruga mapigo, msiinunue kienyeji. Muulize daktari pia kuhusu dawa ya kupunguza mapigo aliyopewa, hizi za jamii ya atenolo na bisoprolo, wengine zinawachosha na kuwaletea ndoto za ajabu, ila asiziache ghafla hata siku moja, kuziacha ghafla ni hatari kuliko uchovu wake.

Sitakudanganya kwamba kutibu huzuni kutamuongezea miaka, walishajaribu kwa wagonjwa karibu 2,500 Marekani, wakawapa ushauri wa kisaikolojia, mwaka 2003 majibu yakaja kwamba huzuni ilipungua ila vifo vilikuwa sawa tu. Watu wengine wanasoma hapo wanasema basi haina maana. Mimi naona maana ipo kubwa tu, mtu kulala usiku na kuongea na mkewe inahitaji ruhusa ya nani?

Na kijiwe. Usimsubiri apone ndo arudi kijiweni, wenzake ndo waje. Ongea na mmoja tu, yule anayemheshimu, aje na bao lake barazani saa kumi, wala asiulize habari za moyo. Siku nyingine watembee mpaka kona. Kahawa kikombe kimoja haitamuua. Mama mkwe usibishane nae, mwambie dua aendelee kuomba na hospitali tunakwenda.

*

Shikamoo mama. Baba yetu ana presha na mwaka juzi waligundua mshipa mmoja wa moyo umeziba nusu. Tatizo ni Yanga. Siku ya dabi anasimama mbele ya tivii anatukana refa, mishipa ya shingo inatoka, Simba wakisawazisha anatupa rimoti. Ndugu wengine wanataka siku ya mechi tuzime umeme tusingizie mgao. Mama unashaurije? – Mtoto wa Mwananchi, Temeke

Marahaba mwanangu, nimecheka peke yangu mpaka nikapaliwa. Msizime umeme! Mzee akigundua mmemdanganya mgao ndo hasira yenyewe hiyo, tena ya nyumbani, haina dakika tisini.

Ila hofu yenu ina msingi. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa eneo la Munich walihesabu watu walioletwa na dharura za moyo, siku Ujerumani inacheza zilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na waliokuwa wanajulikana tayari wana ugonjwa wa moyo ndo walioumia zaidi. Na mwaka 2014 waliunganisha tafiti kadhaa wakakuta ndani ya masaa mawili baada ya mtu kufoka hatari ya shambulio la moyo inakaribia mara tano. Usishtuke sana na hiyo namba, mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo, kijana mzima akifoka mara moja kwa mwezi hamna habari. Ila mzee mwenye mshipa nusu umeziba, anafoka asubuhi kwenye daladala, mchana na mpangaji, jioni na refa, hesabu yake inajumlishwa. Kinachotokea ni kwamba presha inapanda ghafla, ule utando wa mafuta ndani ya mshipa unaweza kuchanika, damu inaganda pale pale juu yake, njia inafungwa.

Hata wakubwa wa fani hawakupona na hili. John Hunter, daktari wa upasuaji mashuhuri kabisa wa London enzi hizo, alikuwa na maumivu ya kifua na mwenyewe alikuwa anasema maisha yake yako mikononi mwa mhuni yeyote atakayeamua kumuudhi. Tarehe 16 Oktoba 1793 alibishana kwenye kikao cha hospitali yake, akatoka chumba cha pili, akaanguka, akafa. Alijijua, na bado akaenda kikaoni.

Kwahiyo tofauti na ile Aina A niliyoizungumzia juu, hiki kipande cha uhasama, kuona kila mtu adui, kufokafoka, ndo kimebaki kimesimama kwenye tafiti. Na kinafundishika. Yule yule Friedman baadae alichukua wagonjwa waliokwisha kupata shambulio, wengine akawapa ushauri wa kawaida wa moyo, wengine akawaongezea mafunzo ya kupunguza papara, mazoezi mengine yalikuwa kama kwenda kujipanga kwenye foleni ndefu kuliko zote makusudi, baada ya miaka minne na nusu waliorudiwa na shambulio kwenye kundi la mafunzo walikuwa karibu 13 kwa kila 100 na wenzao 21. Siyo haba.

Mambo ya kufanya Temeke: ameze dawa zake siku ya mechi kama siku zote, tena mhakikishe. Asiangalie na tumbo limejaa ubwabwa na bia mbili na sigara, hiyo ni mechi tofauti. Aangalie na watu anaowapenda, wazee wakiwa wengi kelele inageuka utani. Mapumziko atoke nje akanyooshe miguu, akirudi amekuta wengine wameshamaliza kumtukana refa kwa niaba yake. Akisikia kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, au maumivu yanakwenda mkono au taya, au jasho jembamba, mechi imeisha hapo, hospitali, msimpe maji ya limao kwanza. Na mumpeleke apimwe vizuri huo mshipa umefika wapi, mwaka juzi ni zamani.

*

Bibi nesi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkimya, sina marafiki wengi, ndani kwa ndani nawaza sana. Nimesoma mtandaoni kwamba watu wa namna yangu wanaitwa Aina D na wanakufa mapema kwa moyo. Tangu nisome sijalala vizuri. – Mkimya wa Iringa

Marahaba. Yaani intaneti imekupa ugonjwa ambao hukuwa nao.

Aina D ilitajwa na Johan Denollet, mwanasaikolojia wa Ubelgiji aliyefanya kazi Tilburg kule Uholanzi. Ina vitu viwili vikae pamoja, mtu kuwa na huzuni na wasiwasi muda mwingi HALAFU na kuzificha kwa kuogopa watu watamuonaje. Kimoja peke yake siyo Aina D. Mwaka 1996 alitoa habari za wagonjwa 303, wa aina hiyo 27 kwa 100 walikuwa wamefariki, wenzao 7 tu. Ni tofauti kubwa sana ndo maana ikapata umaarufu, ila soma tena, wote 303 walikuwa TAYARI wana ugonjwa wa moyo, siyo vijana wa Iringa wenye mapafu ya kupanda milima. Na baadae, kuanzia 2011 hivi, tafiti kubwa zaidi zikashindwa kuona hiyo tofauti, kwahiyo hata wenyewe kwa wenyewe wanabishana.

Ukimya siyo ugonjwa. Babu yangu alikuwa anaongea siku ya Ijumaa tu na alifika themanini na ushee. Ninachokiona mimi kwenye barua yako siyo ukimya, ni kwamba unawaza peke yako na sasa hulali, hilo ndo la kushughulika nalo, na halihitaji ubadilike uwe mchekeshaji. Mtu mmoja tu wa kumwambia yanatosha kuanzia. Umeshaniambia mimi, tayari uwezo unao. Tafuta mwingine wa karibu zaidi, na usingizi usiporudi wiki mbili tatu nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo ulivyoniandikia.

*

Shikamoo. Niko na miaka 24, niko Mombasa. Nilifanyiwa operesheni ya kuwekewa valvu (kilango cha moyo) ya chuma kwa sababu ya ugonjwa wa moyo wa tangu utotoni. Usiku kukiwa kimya naisikia ikilia tik tik tik na siwezi kulala, naihesabu. Wakati mwingine naanza kutetemeka, mikono inakufa ganzi naona sasa nakufa, nakimbizwa hospitali wanasema moyo uko sawa ni wasiwasi. Shangazi yangu anasema nilikuwa mtoto wa kununa sana ndio moyo ukaharibika. Pia kuna mtu ataka kuleta posa, sijui nimwambie au nisimwambie. – Tik Tik

Marahaba mwanangu. Shangazi tumsamehe lakini tumrekebishe. Ugonjwa wako, kama ni ule wa valvu unaoanzia utotoni kwetu huku, kwa kawaida unaanza na mafindofindo, koo linaloambukizwa na vijidudu halafu halikutibiwa sawasawa, kinga ya mwili inapopigana inageuka inashambulia viungo na valvu za moyo. Hakuna mtoto aliyewahi kununa akaharibu valvu. Kama ungekuwa umepata penisilini mapema pengine tusingeandikiana.

Sasa hiyo tik tik. Karibu kila niliyemuuguza mwenye valvu ya chuma alilalamika miezi ya mwanzo, na wengi baadae waliizoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Lakini wewe umefika kuihesabu na kuhesabu ndo kunakokumaliza, kwasababu ukiihesabu unaisikiliza, ukiisikiliza moyo unakwenda mbio, ukienda mbio inalia zaidi. Jaribu kulalia ubavu mwingine, mto mzito kifuani kwa mbele, feni au redio ya sauti ya chini, chochote kisichoacha chumba kimya. Na nikupe kitu kimoja cha kukigeuza kichwani, huo mlio ni valvu inakwambia inafungua na kufunga. Siku ukiusikia umefifia au umenyamaza ghafla ndo ukimbie hospitali, siyo siku unaposikika.

Yale ya kutetemeka na ganzi, hospitali wamekwambia ni wasiwasi na yawezekana kabisa, ile hofu ya ghafla inapanda inafika kileleni kwa dakika kama kumi halafu inashuka yenyewe. Ukishaijua, kaa, toa pumzi taratibu ndefu kuliko unavyoivuta, jiambie hii ni ile. Ila wewe una chuma mwilini kwahiyo sikupi ruhusa ya kubahatisha, ukizimia, ukipumua kwa shida ukilala chali, miguu ikivimba, mkono au uso upande mmoja ukilegea au maneno yakikataa kutoka, hiyo siyo hofu, ni gari la wagonjwa. Na mwambie daktari wa moyo akuunganishe na mtu wa ushauri nasaha, wasiwasi una tiba yake, usikubali kurudishwa nyumbani na neno "wasiwasi tu" kama vile umetukanwa.

Wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu, usiiache hata ukichoka vipi na vipimo vya INR (vya kuangalia damu inagandaje), na mchicha na sukumawiki kula, ila kiasi kilekile wiki hadi wiki usile leo bakuli kesho hamna. Posa: mwambie. Kwanza kwasababu atausikia huo mlio siku ya kwanza, haha. Pili, na hili ni zito, wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa miezi ya mwanzo na pia hairuhusiwi kuiacha kienyeji, kwahiyo mimba kwako ni kitu cha kupangwa na daktari kabla, siyo baada. Anayeleta posa akisikia hayo akaondoka, amekuokolea muda.

*

Nesi, sitaki jina litoke. Nina miezi mitatu tangu nipate shambulio. Tendo la ndoa naliogopa, nahisi ntafia pale. Mke anadhani nina mtu nje.

Kwa ufupi bwana. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kifua kubana wala kuhema kupita kiasi, moyo kwa kawaida unalimudu tendo la ndoa kwa mke uliyemzoea. Miezi mitatu, kama daktari hajakukataza, wengi wanakuwa wameshaanza. Muulize moja kwa moja, sisi tulikuwa tunashangaa tu mbona wanaume hawaulizi. Kama umepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, vidonge vya kuongeza nguvu MARUFUKU kabisa, presha inaweza kushuka ukaondoka, na zile poda za mtaani zinazoitwa mitishamba ndo mbaya zaidi kwasababu nyingine wamechanganyia vidonge hivyohivyo na hawaandiki. Nguvu zikipungua inaweza kuwa hofu, inaweza kuwa dawa ya mapigo, vyote vinazungumzika. Na mkeo mwonyeshe barua hii, mimi simjui, siwezi kumpigia simu.

*

Assalaam aleikum dada. Mimi ni Mzanzibari naishi Muscat, umri wangu 61. Siku ya pili baada ya kumzika mama nilishikwa na kifua, nikapelekwa hospitali, wote wakajua ni shambulio. Walipoingiza waya kuangalia mishipa wakasema mishipa misafi kabisa, moyo ndio umevimba kwa huzuni, wakaniambia jina la Kijapani. Watoto wananitania mama moyo wako umevunjika kweli. Mimi najiuliza ndio kusema imani yangu ndogo, nimeshindwa kusubiri? – Bibi wa Muscat

Waaleikum salaam dada, Mungu amrehemu mama. Jina walilokutajia ni takotsubo, madaktari wa Japani walilitumia mwaka 1990, na wewe Mzanzibari utalielewa kuliko mtu yeyote kwasababu takotsubo ni chungu cha kutegea pweza. Kwetu tunamchokoa kwa fimbo maji yakitoka, wenzetu wanazamisha chungu chenye shingo nyembamba na tumbo kubwa, pweza anaingia mwenyewe kujificha. Moyo wako kwenye picha ulikuwa na umbo hilo, chini umetanuka hausukumi, juu umebana. Homoni za mshtuko zilimwagika kwa wingi zikaupooza kwa muda. Siyo utani wa watoto, ni kitu kinachoonekana kwenye kipimo, na wanaopata karibu tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wamekwisha koma hedhi. Na siyo msiba peke yake, wapo waliopata kwa furaha, harusi ya mtoto au sherehe ya kuzaliwa, kwahiyo usiniambie habari za imani ndogo. Mtu hawezi kusubiri kwa misuli ya moyo. Kulia kwako kaburini na kusubiri kwako ni vitu viwili, vyote ulivifanya.

Habari nzuri ni kwamba kwa wengi moyo unarudi umbo lake ndani ya wiki kadhaa mpaka mwezi mmoja au miwili, rudi tu urudiwe kipimo cha eko uone mwenyewe, na dawa ulizopewa umeze mpaka wakwambie basi. Kwa wachache hujirudia. Huzuni ya kumpoteza mama haina siku maalum, ila ukiona miezi inakwenda huli, hulali, hutoki, usiseme ni msiba tu, mwambie daktari, kama nilivyomwambia dada wa Tanga hapo juu.

Umeuliza nyuma ya karatasi kwa kalamu nyingine kama sasa usile pweza. Kula dada, punguza chumvi tu kwenye supu. Wajapani walikuwa wanaongelea chungu.